Nyuma ya Ukuta Mkavu

Kama kuna mtu Tana Beru aliyejua kujisifu, ni Tamrin. Nahodha akipita tu kwenye mabanda ya maboti, Tamrin atamshika mkono ampeleke hadi kwenye pipa lake la maji ya chumvi, atoe humo kipande cha ubao kilicholala mwaka mzima, akifute kwa shati lake, amwambie akinuse. Kweli hakikunuka. Hakikuvimba wala kubabuka. Mpaka Labuan Bajo watu wanasema ubao wa Tamrin hauozi, na aliyeanza kusema hivyo ni yeye mwenyewe.

Kazi yake ni kuta za ndani za pinisi, yale majahazi ya watalii. Anakata plaiwudi, anaipaka mikono mitatu ya gundi ya kuchanganya, kingo anazipaka mitano kwa sababu maji huingilia kingoni, na kila mkono ukikauka anapiga msasa. Tundu la skrubu analitoboa pana, analijaza gundi, kisha analitoboa upya katikati ya ile gundi. Fundi mvivu hafanyi hivyo hata umchape. Haki yake tumpe, kazi aliijua.

Asubuhi moja pinisi iitwayo Kemuning ilikuwa imevutwa juu ya mchanga ili ikwanguliwe chaza na kupakwa rangi. Ilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu majini. Puang Sangkala, fundi mkuu aliyeijenga, alikuwa akiizunguka na nyundo yake ya mti, akigonga ubao mmoja baada ya mwingine na kutega sikio, kama anavyofanya kwa kila chombo chake kinaporudi nyumbani. Ubavu wa kushoto, karibu na taruma la nne, ule mti wa ndani unaoshika mbao za ubavu, aligonga mara moja, sauti ikarudi nzito. Hakugonga tena. Alimwita Tamrin aje na bisibisi.

Tamrin alijua anaitiwa nini. Wakati Kemuning inajengwa, Puang alimwambia aache nafasi ya vidole vitatu juu na chini ya kila ukuta, maana mbao mbichi hutoka jasho na chombo lazima kipumue. Ndivyo walivyofanya baba zao wote. Lakini mwenye chombo, Pak Wiryo wa Jakarta, hakutaka kusikia habari ya nafasi. Alisema humo ndimo harufu ya ngama, yale maji yanayotuama chini ya chombo, na mende wanamotokea kuwasumbua wageni. Tamrin angeweza kukataa. Badala yake alisema yeye ataziba hata pumzi isipite, na mbele ya mafundi wote akamgeukia mzee aliyemfundisha kushika tezo.

"Puang, hayo yalikuwa mambo ya kabla ya gundi."

Watu walicheka. Mzee alikwenda zake kula. Aibu ile Tamrin hakuiona siku ile.

Sasa waliingia chumba cha tatu, wakainua godoro, Tamrin akafungua skrubu nne. Zilitoka laini, zinang'aa. Ukuta ukaachia. Ulikuwa mzuri, jamani, mbele na nyuma, mtu angeweza kulia chakula juu yake. Lakini nyuma yake ikatoka harufu ya sufuria ya wali iliyosahauliwa siku nne na mfuniko juu. Maji ya mvua yalikuwa yamevuja taratibu kutoka kwenye sitaha, yakachanganyika na jasho la mbao, yakakosa pa kwenda. Taruma lilikuwa jeusi. Puang akalisukuma kwa kidole, na kidole kikazama hadi kiungo cha pili.

"Ubao wako mzima," alisema.

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli, Tamrin angepata la kujibu. Aliliangalia lile tundu la kidole, na ndipo wazo la Lembayung likamjia.

Lembayung ilikuwa chombo kingine cha Pak Wiryo. Ilitangulia kuingia majini mwezi mmoja kabla ya hii, mbao zile zile, kuta zile zile. Na mpishi wa Lembayung alikuwa Nisma, binti yake wa pekee. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea ile kazi. Mama mtu alipolia kwamba bahari ya kule Labuan Bajo ina mikondo mibaya, Tamrin alimwambia aache uoga, hakuna chombo kikavu kama kile. Jana jioni Nisma aliandika kwamba wanang'oa nanga alfajiri na wageni kumi na wanne.

Alishuka ngazi akiruka vidato, akapiga simu. Mungu ashukuriwe, ilipokelewa.

"Nisma, uko wapi?"

"Niwe wapi tena, baba? Jikoni, nawakaangia wageni ndizi. Umeanza kunichunga mpaka baharini?"

Akamuuliza mawimbi yakoje. Yapo, alisema, kisiwa cha mwisho wamekiacha nyuma sasa hivi. Akamuuliza pampu ya kutoa maji chomboni.

"Inaunguruma tangu asubuhi. Nahodha Daeng Rewa anasema swichi imekwama."

Tamrin alimwambia amkimbilie nahodha, amwambie ageuze sasa hivi, mataruma yameoza. Alimsikia akienda, akasikia sauti ya Daeng Rewa, kisha kicheko cha wanaume wawili watatu.

"Anasema wewe mwenyewe ulimnusisha ule ubao," Nisma alirudi akisema, naye anacheka. "Anauliza leo umelewa nini."

Tamrin alifumba macho. Puang alikuwa ameshasimama kando yake.

"Mwanangu," Tamrin alisema, "nenda kwenye ukuta wa kitanda chako. Gonga."

"Baba, ndizi zangu zitaungua."

"Gonga, nakuomba."

Zikasikika nyayo zake, kisha akagonga mara tatu. Sauti ilikuja nzito, imelowa, ile ile iliyomsimamisha mzee asubuhi. Puang aliisikia. Aligeuka akawapigia mafundi kelele wakimbie ofisi ya bandari, waombe redio ya kuiita Lembayung.

"Umesikia? Mkavu, baba. Hata tone hakuna."

"Vaa boya, Nisma. Livae sasa hivi."

"Mbele ya wageni? Watanicheka. Si wewe uliyemwambia mama hakuna chombo kikavu kama..."

Simu ikakatika. Tamrin alipiga tena, haikuita. Alisimama pale mchangani, simu mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa bado umezishika zile skrubu nne, safi, hazina hata doa la kutu.