Zamu ya Nanga

Siku ya kikao cha kumi na moja kuhusu kibao cha tahadhari, karani wa baraza la mji alifika ofisini saa mbili kasoro robo. Alifuta vumbi kwenye meza ndefu, akapanga viti kumi na vinne, akaweka chupa ya maji mbele ya kila kiti, kisha akatoa nakala za ajenda kwenye mashine iliyokuwa na tabia ya kumeza kila karatasi ya tatu. Kibao kilikuwa ajenda namba tano, baada ya paa la soko. Viatu vyake vilikuwa na mchanga, kwa sababu alipitia ufukweni kwanza kumpelekea mumewe shati kavu. Mumewe alikuwa amekufa miezi saba iliyopita.

Alikuwa mwokoaji kwenye ufukwe wa wageni. Watu walimwita Nanga, jina alilopewa utotoni kwa sababu kila akiingia majini alizama moja kwa moja. Baadaye alijifunza kuogelea kwa hasira, akawapita wote waliomcheka, lakini jina lilikuwa limeshamganda. Mbele ya hoteli kubwa, kati ya miamba miwili, kuna mahali ambapo bahari huonekana imetulia, haina povu wala wimbi. Wageni wanapapenda, hasa wenye watoto. Utulivu ule ni wa uongo. Maji yote yanayopiga ufukweni hurudi baharini kwa kupitia pale, na humchukua mtu kama jani. Nanga aliandika barua sita kuomba kibao. Karani ndiye aliyezipokea, akazigonga mhuri, akaziweka kwenye jalada, halafu jioni akarudi nyumbani kula na aliyeziandika.

Siku aliyokufa, Nanga alimtoa majini mgeni mmoja, akamtoa na mchumba wa mgeni huyo, kisha akarudi kumfuata wa tatu. Wa tatu ilikuwa kofia tu.

Walimpata kesho yake, wakamzika. Watu walijaa, na mwenyekiti wa baraza alitoa hotuba nzuri. Siku tatu baada ya maziko, mkodishaji wa miavuli alifika ofisini akiwa anahema.

"Shemeji," alisema, "mumeo yuko kazini."

Karani alimaliza barua aliyokuwa anachapa, akaomba ruhusa, akaenda. Nanga alikuwa amesimama kati ya ile miamba miwili, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, amevaa kaptula yake nyekundu. Maji yalimchuruzika kutoka nywele hadi vidoleni bila kukoma.

"Si tulikuzika?" karani alimwuliza.

"Mlinizika vizuri tu. Ila hakuna aliyeshika zamu."

"Na nyumbani utarudi lini?"

"Nyumbani sirudi, mke wangu. Wakiweka kibao nitakwenda kulala, kule mliponiweka." Alikohoa maji kidogo. "Nimechoka. Na baridi yake siyo ya mchezo."

Hakuendelea, kwa sababu familia moja ilikuwa inakuja na boya la mtoto. Nanga aliinua mkono. Wale watu walimtazama, wakashukuru, wakaenda kuogelea upande mwingine.

Tangu hapo karani alimpelekea shati kavu kila asubuhi. Alipofika kifungo cha mwisho, kile cha kwanza kilikuwa kimeshalowa. Alilichukua la jana, akalikamua, akaondoka nalo. Mama mkwe wake ndiye aliyeyapiga pasi.

"Amekula?" mama mkwe aliuliza kila siku.

"Hali, mama."

"Hata alipokuwa mdogo, akishika kazi alikuwa hali."

Mama mkwe alikwenda kumwona mara moja tu, hakurudi tena. Alisema, "Nimemzaa mara moja, nimemzika mara moja. Sina nguvu ya kumzika kila siku asubuhi."

Wageni walimzoea. Wengine walipiga naye picha, wengine walimtundikia taulo mkononi walipotafuta ndala zao. Hoteli kubwa ilibandika tangazo mapokezi kwamba mwokoaji yupo muda wote, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Karani alielewa vizuri kwamba kibao kikisimama, hatamwona mumewe tena. Kwa hiyo mwezi wa kwanza, mwenyekiti alipomwagiza aandae ajenda, aliandika paa la soko, akaandika mitaro, akaandika mbwa wasio na wenyewe, na kibao akakiruka. Hakuna aliyeuliza. Alipata mwezi mmoja wa kufunga vifungo. Kisha asubuhi moja, akiwa anamfunga cha kifuani, aliona mwamba wa nyuma kupitia kwenye mbavu zake. Chumvi ilikuwa inamla. Karani alirudi ofisini akakiandika kibao kwenye ajenda kwa mkono wake mwenyewe.

Vikao vilikuwa kila baada ya wiki mbili. Cha kwanza kilijadili neno HATARI.

"Mtu kasafiri siku mbili kuja kupumzika, wewe unampokea na neno hatari?" alisema mwenye hoteli kubwa, ambaye pia alikuwa mjumbe. "Mbona wewe mlangoni kwako hujaandika kwamba mkeo mkali?"

Wajumbe walicheka, na karani aliandika kwamba wajumbe walicheka. Kikao cha pili kilijadili rangi, kwa kuwa nyekundu inakumbusha damu. Cha nne kilipendekeza maneno "Bahari ina tabia zake", yakaonekana kuivunjia bahari heshima. Cha saba, mwanasheria wa baraza alieleza kwamba tukiweka kibao tutakuwa tumekiri kuwa tulijua, na tusipoweka, basi hatukujua. Jalada lenye barua sita lilikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti chake.

Katika kikao hiki cha kumi na moja, walipofika ajenda namba tano, karani aliweka kalamu chini akanyoosha mkono.

"Mama karani," mwenyekiti alisema kwa upole, "wewe kazi yako kuandika."

"Naandika, mheshimiwa. Leo naomba niandike na langu." Alisimama. "Yule ni mume wangu. Ana miezi saba hajalala. Kibao ni nguzo moja na ubao mmoja. Sina zaidi."

Mwenye hoteli alimgeukia, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote.

"Dada, pole sana. Lakini nikuulize. Tangu asimame pale, amezama mtu?"

"Hajazama mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Sasa dada yangu, kibao kinaweza kuinua mkono?"

Mwalimu mstaafu, ambaye kwa kawaida alisinzia tangu ajenda ya pili, alisema, "Mwacheni marehemu apumzike, jamani." Kura yake ilihesabiwa, ikawa moja. Iliamuliwa kwamba kwa kuwa eneo lina mtu, kibao hakihitajiki kwa sasa, na Nanga apewe cheti cha utumishi mwema. Karani alikichapa cheti, akampelekea. Wino ulichuruzika mpaka kwenye kiwiko cha Nanga.

"Kimeandikwa nini?" aliuliza, kwa sababu maandishi yalifutika kabla hajayasoma.

"Wanakushukuru," alisema mkewe.

Jumamosi iliyofuata, karani na mama mkwe walivunja mlango wa kabati la nguo na kuandika juu yake kwa rangi ya mlango: HATARI. MAJI YANAVUTA. MSIOGELEE HAPA. Waliubeba wawili, huku na huku, wakasimama mara nne njiani ili mama mkwe apumue. Mkodishaji wa miavuli aliwasaidia kuchimba shimo. Bango liliposimama, Nanga alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akapiga hatua tatu kutoka majini, akakaa chini. Hawakuwa wamemwona akikaa tangu siku aliyorudi. Aliinamisha kichwa kwenye magoti, na maji yakaacha kumtoka. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya ubao tu, alikaa kando yake akamwekea mkono mgongoni. Nywele zilianza kukauka. Karani alikaa upande wa pili, akaanza kumuaga kimoyomoyo, taratibu, kama mtu anayekunja nguo.

Saa nane askari wawili wa baraza walifika. Walisalimia, wakaomba radhi, wakasema bango halina kibali. Waliling'oa kwa uangalifu wasilivunje. Nanga aliinua kichwa. Maji yalianza tena kumtoka nyweleni, akasimama, akarudi mahali pake. Jumatatu bango lililetwa ofisini kama mali isiyo na mwenyewe, na karani akaliandikisha kwenye daftari la mali zisizo na wenyewe, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yake.

Baada ya siku ile Nanga alikonda haraka. Asubuhi alionekana kama kioo chenye ukungu. Jua likifika utosini hakuonekana kabisa, isipokuwa kaptula, na kaptula nayo ilikuwa imepauka. Karani alilieleza baraza kwa barua. Aliipokea mwenyewe, akaigonga mhuri.

Wiki hiyohiyo, saa saba mchana, mtoto wa kike wa miaka tisa aliingia majini kati ya miamba miwili. Wazazi wake walikuwa wametoka mji wa mbali usio na bahari, na mama yake alichagua pale kwa sababu palikuwa pametulia. Nanga aliinua mkono. Mama wa mtoto aliona mwanga ukimetameta juu ya maji, akafikiri ni jua. Nanga alimkimbilia mtoto, akamshika, na mikono yake ikapita kama maji kwenye maji. Alimfuata mpaka mbali, akimwita asiogope, alale chali. Mtoto hakumsikia.

Mwili ulipopatikana, wazazi waliuchukua wakaenda kuuzika kwao. Siku tatu baada ya maziko alikuwa amesimama upande wa kushoto wa Nanga, na nguo yake ya kuogelea ya njano, nywele zimesukwa mistari miwili. Haijulikani alisafiri vipi. Kwa kuwa alikuwa mpya, alionekana vizuri hata mchana.

Karani alikwenda na shati kavu, na gauni dogo aliloliazima kwa jirani. Alimvisha mtoto kwanza. Kisha akamwambia mumewe kwa sauti ya chini:

"Zamu imepata mtu. Nenda kalale."

"Nimwachie mtoto?" Nanga aliuliza.

Karani alimfunga vifungo vyote.

Kikao cha kumi na mbili kilikuwa kifupi. Wajumbe walisimama dakika moja kwa heshima ya marehemu mtoto. Kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, mwenye hoteli alisema amepita pale mchana na mwonekano wa zamu umeboreka sana. Hakuna aliyepinga. Karani aliandika: "Baraza lilifahamishwa kwamba zamu sasa ina watu wawili. Hoja ya kibao imefungwa." Alisoma alichoandika, akasahihisha herufi moja, akawapelekea watie saini.

Alipofika ufukweni alimkuta mama wa mtoto amekaa mchangani, na begi lake la safari pembeni halijafunguliwa. Karani alikaa karibu naye. Hawakusalimiana. Nanga alikuwa anamwonyesha mtoto namna ya kuinua mkono: siyo kama mtu anayepunga, bali kiganja wazi, kiwiko kimenyooka.

"Mama yupo," mama wa mtoto alimwita. "Njoo, mwanangu. Nimekuja kukuchukua."

Mtoto aligeuka, akamwona, akacheka. Alipiga hatua moja kumwelekea. Kisha akasikia vicheko nyuma yake, akatazama, akaona mwanamke na mwanawe mdogo wanateremka kutoka hotelini na ndoo ya kuchezea mchanga. Alirudi mahali pake, akauinua mkono.