Sauti Iliyonenepeshwa

Ujumbe ulimkuta Mwalimu jikoni, mikono imejaa povu la sabuni. Ulitoka kwa msichana asiyemjua, mwanafunzi wa chuo cha kompyuta cha hapo mjini. Alijieleza kwa adabu, kwamba ameungua mkono akiwa darasani. Walikuwa wanafungua kisanduku kile kinachoingiza umeme kwenye kompyuta, na mwalimu wao, ambaye humwona kwenye video tu, aliwaambia wachomoe waya kisha wafungue. Akachomoa, akafungua, akarushwa. Sasa yuko nyumbani na bandeji yake, na katika kupekuapekua mtandaoni amekuta somo fupi la bure la Mwalimu, linalosema umeme hubaki ndani hata waya ukishachomolewa.

"Samahani kwa kukusumbua," msichana aliandika. "Mbona huyo mwalimu wetu anaongea kama wewe?" Chini yake aliambatanisha kipande cha video.

Mwalimu alijifuta mikono akakifungua. Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, ya kukokota, kama ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Mahali pa uso palibandikwa nembo ya chuo, duara la buluu lililokifuata kichwa kila kilipoinama. Lakini ile mikono ilikuwa yake. Kovu jeupe la dole gumba lilikuwa lake, na meza ile iliyochubuka pembeni ndiyo hiyo iliyoko stoo mpaka leo. Kisha yule mwanamume wa kwenye pipa akasema, "Haya, twende taratibu, hapa anayekimbia hachelewi kulia."

Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe iliyonenepeshwa kwa mtambo ikawa ya kiume. Wanafunzi wake wa mtandaoni walimwita Mwalimu Taratibu kwa sababu hiyo.

Hasira haikuja. Kilichokuja ni kinyaa, kile cha mtu anayeingia bafuni kwake akamkuta mgeni anapiga mswaki kwa mswaki wake, tena mgeni anamtolea tabasamu lenye povu. Aliizima simu, akaiweka kifudifudi, akarudi kwenye vyombo. Sahani moja aliiosha mpaka vidole vikakunjamana.

Masomo yale aliyatengeneza stooni, mlango umefungwa na magodoro yameegemezwa ukutani ili kelele zisiingie. Feni ilizimwa kwa sababu inavuma, kwa hiyo alifundisha huku jasho likimtiririka mgongoni. Jirani akipigilia msumari, anaanza upya. Mtoto akilia, anaanza upya. Kuna somo alilirudia mpaka sauti ikakauka, kisa neno moja lilikuwa linaweza kueleweka vibaya. Waliolipia walikuwa mafundi wa simu, makarani, akina mama wenye watoto mgongoni, na kila aliyeuliza swali alijibiwa.

Kesho yake alikwenda kwa rafiki yake aliyemjengea tovuti, mwanamke mfupi mwenye miwani ambaye kila mtu alimwita Komeo, kwa kuwa hakuna alichokipenda duniani kama kufunga. Hata kopo la sukari nyumbani kwake lilikuwa na kufuli, na alisema ni la utani, ingawa ufunguo alitembea nao. Komeo alikuwa ametega jambo ndani ya masomo. Kila mtu anapofungua video, namba ya akaunti yake hufichwa ndani ya picha yenyewe, jicho lisiione, na hata ukiikata pembe au ukiibandika nembo juu, namba inabaki.

"Mwizi humzuii," Komeo alipenda kusema. "Unampaka rangi tu, ili akishaiba asiweze kunawa."

Alikipitisha kile kipande kwenye programu yake, akangoja, akasoma kilichotoka. Kisha akavua miwani akaanza kuifuta kwa upindo wa blauzi, na akaendelea kuifuta ilhali imeshatakata.

"Sema," Mwalimu alimwambia.

"Ni akaunti ya mumeo."

Mume alikuwa na akaunti ya bure. Mwalimu mwenyewe alimfungulia, awe anatazama masomo mapya kabla hayajatoka na kumwambia kama sauti inasikika vizuri. Na mume alikuwa na kaka. Kaka ndiye mwenye chuo.

Jioni ile alingoja watoto wainuke mezani, akaiweka simu katikati ya sahani, akaiwasha. Mume alitazama kidogo, akaacha kutafuna. Hakukana. Alieleza kwamba kaka yake alikuwa amekwama, walimu wamemkimbia, wanafunzi wameshaandikishwa, akaomba aazimwe masomo tu mpaka mambo yakae sawa. Naye akampa nywila. Ni kaka yake, aliyemlea baada ya baba yao kufariki. Angemnyimaje?

Mwalimu alisema hayo ameyasikia. Kulikuwa na jambo moja tu alilotaka kulijua.

"Hii sauti uliwahi kuisikia?"

Mume akasema ndiyo, siku moja alipopita chuoni.

"Ukafanya nini?"

Mume alitazama meza. "Nilicheka," akasema.

Wizi wa shemeji angeweza kuuweka mahali, dunia ina wezi. Lakini alimwona mumewe amesimama mlangoni mwa darasa, mikono mfukoni, anacheka pamoja na kaka yake jinsi mkewe alivyofanywa dume. Kisha akarudi nyumbani, akala chakula alichokipika yeye huyohuyo, akalala ubavuni pake. Aliinuka akaenda kulala na watoto. Shuka la kitanda chao lilimtia kinyaa kana kwamba limetoka kwenye kitanda cha watu asiowajua.

Asubuhi alikwenda chuoni bila kuaga. Ukumbini kulikuwa na harufu ya rangi mpya iliyopakwa juu ya unyevunyevu. Kupitia dirisha la darasa aliwaona vijana wamejipanga mbele ya skrini, wanaandika kila neno, na mikono yake mwenyewe mikubwa ukutani inawaonyesha wapi pa kushika. Alimuuliza mmoja aliyekuwa mlangoni mwalimu huyo ni nani. Kijana alijibu kwa fahari kuwa ni mhandisi bingwa aliyeko ng'ambo, haonyeshi uso kwa sababu za kiusalama.

Shemeji alimpokea vizuri sana. Alimvutia kiti, akamwita shemeji yangu kipenzi, akaagiza soda. Huku akijichokonoa meno alisema alikuwa mbioni kuja kumshukuru. Elimu ni nuru, na nuru haifungiwi kabatini. Tena, kama ni jina analitaka, angemwandika mshauri wa chuo, mlangoni kabisa. Kuhusu sauti asikasirike. Kwenye mambo ya mitambo, watu wakisikia sauti ya mwanamume wanatulia. Alikitazama alichokitoa menoni, akakifutia chini ya kiti.

Mwalimu hakuigusa soda. Alimuuliza ile sehemu ya tahadhari ilikwenda wapi. Katika somo lile, kabla ya kufungua kisanduku, yeye husimama na kusimulia kovu lake, jinsi umeme uliobaki ulivyomrusha akiwa na mimba ya mtoto wake wa pili, na alivyolala siku nzima ameshika tumbo akisikiliza kama mtoto bado anacheza. Aliisimulia makusudi, kwa sababu watu husahau kanuni lakini hawasahau hofu ya mtu.

Shemeji alicheka kidogo. "Sasa, shemeji, mwanamume atasemaje ana mimba? Tuliikata."

"Yote?"

"Ingeharibu."

Kwa hiyo mkono wa msichana ulikuwa umeungua ili uongo usionekane. Mwalimu alijikuta amesimama, mate yamemjaa mdomoni, hajui ayameze au ayateme. Aliyatemea nje, kwenye mchanga kando ya geti, mlinzi akimtazama.

Mchana huo yeye na Komeo walifunga akaunti ya mume, wakapeleka malalamiko kwa wenye mtambo uliohifadhi video za chuo, pamoja na ushahidi wa namba iliyofichwa, na nakala wakaipeleka ofisi inayosimamia vyuo. Habari hazikuchelewa kufika kwa ndugu. Wakaitwa wote nyumbani kwa mama mkwe.

Shemeji alizungumza kwanza na kwa kirefu. Alisema nguo chafu hufuliwa nyumbani, haianikwi barabarani, na mke akishaolewa mali yake na ya ukoo haina mpaka. Mama mkwe alikuwa akiitikia kwa kichwa, na Mwalimu aliona hukumu inakoelekea. Ataambiwa aondoe malalamiko, kaka ataambiwa asirudie, kisha watu watakula.

Akaomba kuwasikilizisha kitu. Aliwasha somo la chuoni kwanza, kisha lake. Sauti yake halisi ilipomaliza kusimulia mimba na umeme, aliizima. Akaeleza ni kwa nini kipande hicho hakimo kwenye lile la kwanza, na msichana ana hali gani.

Mama mkwe aliomba maji, akaletewa, hakuyanywa.

"Ule mkono wa shemeji yako nilikuwa nauosha mimi," akamwambia mwanawe mkubwa. "Asubuhi na jioni. Nikiomba Mungu mtoto asitoke. Wewe ukaikata habari hiyo."

Shemeji alianza kujieleza. Mama alimwambia akasirike akiwa kwake, hapa anyamaze. Siku ile hakumpakulia mtu chakula.

Video za chuo ziliondolewa. Ofisi ilisimamisha kozi ile mpaka apatikane mwalimu wa kusimama mbele ya watu kwa miguu yake. Shemeji hajaomba radhi mpaka leo. Husema kwa watu kwamba wanawake wakijua kompyuta wanasahau heshima.

Msichana alipona, ila kidole kimoja hakikunjiki vizuri. Mwalimu alimfungulia masomo yote, naye huuliza maswali magumu kuliko wenzake. Sehemu ya tahadhari Mwalimu aliirekodi upya peke yake, akaiacha wazi, yeyote aichukue na kuisambaza. Komeo alinung'unika kwamba yeye anafunga mlango, mwenziwe anabomoa ukuta.

"Hiyo waibe," Mwalimu alijibu. "Ila wasiikate."

Mume aliomba msamaha mara nyingi, na kwa kweli alimaanisha. Mwalimu alirudi chumbani kwao baada ya muda, kwa kuwa alimpenda na kwa kuwa watoto walianza kuuliza. Wanaishi vizuri kiasi. Lakini kuna siku mume anamsimulia jambo la kazini, anamshika bega, na ghafla ngozi inamsisimka vibaya, kinyaa kinampanda upya kana kwamba ni jana. Humwambia waziwazi. Mume huondoa mkono, akasogea upande wake wa kochi, akangoja.