Barua ya Mwalimu Molefe

Kwao Bukavu, Léocadie alikuwa mkutubi. Johannesburg alisuka nywele miaka sita kabla ya kupata kibarua katika hifadhi moja ya nyaraka, mtaa wa Marshalltown. Kazi yake ilikuwa kupiga picha barua za wakala wa zamani, aliyepokea hadithi za waandishi na kuziuza kwa magazeti zaidi ya miaka mia iliyopita.

Jalada la Zachariah Molefe lilimshika siku nzima. Molefe, mwalimu wa shule ya misheni, alituma hadithi moja mwaka 1912, kisha barua kumi na moja za kuulizia, zote za adabu. Ya kumi na mbili iliandikwa na mkewe: mwalimu amefariki, msisumbuke tena.

Chini kabisa kulikuwa na bahasha iliyofungwa, stempu yake haijagongwa muhuri. Léocadie alimwita msimamizi wake, Steve, wakaifungua pamoja. Ndani mlikuwa na barua ya wakala kwa Molefe: ameikubali ile hadithi, na magazeti manne yanaitaka. Mtu aliitia bahasha jaladani badala ya kuipeleka posta.

“Eish,” Steve alisema, akakaa.

Jaladani mlikuwa pia na karatasi ya mwaka 1998. Mjukuu wa Molefe aliuliza kama hifadhi ina chochote cha babu yake. Hakuna aliyemjibu. Léocadie akapiga namba iliyoandikwa pale, na simu ikaita muda mrefu kabla ya kupokewa.

Mjukuu huyo, Dineo Molefe, alikuwa na miaka themanini na minne, akiishi Observatory, mtaa wa mlimani, miguu haimbebi tena. Jumamosi Léocadie alimpelekea barua, Steve akiwa ametia sahihi kwamba itarudi. Alimsomea polepole. Wakala aliandika kwamba sehemu ya punda aliyegoma kuvuka reli iliichekesha ofisi nzima.

“Rudia hapo,” Dineo alisema.

Akarudia.

“Baba alituambia babu alikuwa mtu wa huzuni. Kila siku alikwenda posta kwa miguu, akarudi bila neno. Halafu akachoma madaftari yote.” Akafuta macho kwa kiganja. “Hadithi yenyewe iko wapi, binti yangu?”

“Haimo, Gogo. Nimetafuta kila sanduku,” Léocadie alisema, akimwita bibi kwa neno la huko.

Léocadie akatoa nakala ya barua aliyomchapishia, lakini bibi hakuitazama. Alikuwa ameiweka barua yenyewe mapajani, mikono yote miwili juu yake.

“Hii si aliandikiwa babu?”

“Ndiyo, Gogo. Ila ni mali ya hifadhi. Nimeahidi kuirudisha.”

“Miaka yote hiyo mmekaa nayo.”

Léocadie alipiga magoti kando ya kiti, wakakaa hivyo hadi chai ikapoa. Mwishowe Dineo mwenyewe aliikunja barua, akairudisha ndani ya bahasha, akampa bila kumwangalia.

Nje, Léocadie aliegemea ukuta wa jirani akalia, kisha akateremka mlima kutafuta teksi.