Lori Inayojinusa

Geoffrey aliporudi kutoka Uarabuni, mtoto wake alimkimbia. Lynn alijificha nyuma ya leso yangu akaninong'oneza, "Nyanya, kuna mgeni amebeba sanduku." Mgeni huyo alikuwa baba yake. Aliondoka wakati mkewe Hannah akiwa bado na mimba, akawa anaendesha malori ya watu kule jangwani, na mtoto alimjua kwa sauti ya simu tu.

Siku hiyo tulipika kimanga, muhogo wa kupondwa na maharagwe. Geoffrey alikula mpaka akalegeza mshipi, halafu akasema, "Mama, kule sirudi. Nimeagiza lori. Nitauza maji hapa hapa Sagalla mpaka nizeeke."

"Umesikia, Hannah?" nikamuuliza mke wake.

"Nimesikia, mama. Ngoja kwanza nione." Alisema hivyo akicheka, lakini alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye unga.

Lori ikaja kweli. Ilikuwa imetumika Ulaya, nyeupe, na wakaifungia tangi la maji mgongoni. Geoffrey alikuwa akiteremka mapema kwenye kisima cha kuchimbwa karibu na Voi, anajaza, anapanda mlima, na watu wanamngoja na mitungi kando ya barabara. Mifereji yetu huku juu ilikauka zamani, ukifungua inatoa upepo. Kwa hivyo lori hiyo ilipendwa na watu wote. Lakini kwetu nyumbani ilikuwa zaidi ya maji. Ikitembea, Geoffrey yuko. Ikisimama, Geoffrey anarudi Uarabuni. Jambo hilo hatukulisema, lakini kila mmoja alikuwa nalo, na mlio wake ukisikika pale kwenye kona ya mwisho nilikuwa naona mabega ya Hannah yakishuka.

Ilikuwa na midomo miwili ya kujazia. Mmoja wa dizeli, mwingine mdogo wenye kifuniko cha bluu.

"Huu wa bluu ni wa nini?" nilimuuliza Geoffrey.

"Ni wa dawa ya moshi, mama. Dizeli ikichomeka inatoa sumu. Hii dawa inaiua kabla haijatoka nje."

"Gari nayo inakunywa dawa?"

"Za siku hizi zinakunywa. Za zamani zilikuwa zinatupulizia sisi."

Dawa yenyewe iliuzwa kwenye mitungi pale kwenye kituo cha mafuta mjini, kwa ajili ya malori makubwa ya barabara ya Mombasa. Ni maji meupe tu ukiyatazama. Geoffrey aliijaza bila kukosa, na lori ilipanda bila hata moshi wa kupaka kidole.

Halafu akafa Mzee Obadiah, jirani yetu wa upande wa kanisa. Kwetu mtu akifa, mji wake haulali njaa wala kiu. Wanaume wanaleta kuni na kuchimba, wanawake wanabeba maji, na kila anayekuja kulia lazima anywe chai na ale. Zamani tuliteka kwenye chemchemi. Mwaka huu chemchemi ilikuwa matope yenye nyuki. Kwa hivyo mjane, Mama Lois, alituma watu kwa Geoffrey: alete maji ya mazishi, ya Ijumaa na ya Jumamosi.

Jioni hiyo taa ya dawa ikawaka. Geoffrey alikwenda kituoni, akaambiwa imeisha, mzigo mwingine unakuja Jumatatu. Akapiga simu Mtito, akapiga Mariakani, hakuna. Akarudi, akakaa kwenye ngazi ya lori, ameshika mtungi mtupu wa dawa.

"Ikiisha kabisa?" Hannah akamuuliza.

"Itakata nguvu. Na pale mlima unaposimama haitapanda na maji."

Hannah alichukua ule mtungi akausoma. Alisoma mpaka kidato cha nne, macho yake ni mepesi. "Hii imeandikwa urea."

"Najua."

"Urea si ile ya mahindi? Si tunayo!"

Na kweli tulikuwa nayo. Gunia lilikuwa ghalani, halijafika hata nusu. Tuliliweka kwa ajili ya mahindi, mvua ikakatika mahindi yakiwa ya magotini, yakafa kabla hatujayatilia. Hannah alilitoa akiwa na furaha. "Angalau isiende bure," alisema.

Nzau, jirani yetu wa bodaboda, alikuwa amesimama langoni. "Wee Geoffrey, utaitilia lori mbolea? Kesho tutakuta imeota mahindi!"

"Nyamaza, wewe. Urea ni urea," Geoffrey akajibu. "Kwani kuna ya Wazungu na ya sisi Wataita?"

Akatazama mtungi tena, akatazama gunia. Nilimwona anasitasita. Lakini kutoka kwa Mama Lois tulikuwa tunasikia wimbo, na watu walikuwa wameanza kuja kutoka Marungu. Wakachanganya kwenye ndoo. Hannah alikoroga kwa mwiko, na ndoo ikawa baridi, baridi kama imetoka kwenye friji, mpaka Lynn akaweka shavu lake pale akicheka. Tukaona ni ishara njema, ni dawa kweli hiyo. Wakaichuja kwa leso safi, wakaimimina kwenye ule mdomo wa bluu. Maji yalikuwa ya kile kisima cha karibu na Voi, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria.

Taa ikazima. Geoffrey alipiga honi mara mbili na Hannah akapiga vigelegele.

Mzee Obadiah alizikwa vizuri. Watu walikunywa, walinawa, na mchungaji alimtaja Geoffrey kwa jina mbele ya kaburi. Jumatatu akanunua dawa yenyewe akaongeza juu ya ile yetu. Tukasahau.

Lori haikusahau. Baada ya siku chache taa ilirudi, safari hii nyekundu, na kioo kidogo cha mbele ya usukani kikaandika kwamba nguvu itapunguzwa. Geoffrey akasema atapeleka mzigo mmoja tu halafu aende kwa fundi. Nilikuwa nimeteremka kwa miguu kumjulia hali dada yangu, kwa hivyo niliona mwenyewe. Pale mlima unapoanza kusimama, lori ilianza kutembea kama mgonjwa anayeshikiliwa kwapani. Wanawake waliobeba kuni waliipita. Nzau akaipita na pikipiki, akarudi, akaipita tena.

"Geoffrey, shuka uisukume! Ama nikuvute na kamba?"

Mwanangu hakucheka. Alikanyaga mafuta, injini ikalia, magurudumu yakaenda polepole vile vile. Halafu ikaanza kurudi nyuma. Akaweka jiwe, akazima, akawasha. Ikarudi nyuma tena. Mwishowe alizunguka nyuma akafungua bomba, akamwaga maji barabarani, yote, ili lori iwe nyepesi.

Wanawake walitupa kuni wakakimbia. Waliokuwa na sufuria walikinga, asiyekuwa na kitu alitandika leso yake chini akaikamua mdomoni mwa mtoto. Maji yalikimbia kwenye vumbi jekundu yakaishia kwenye mtaro. Geoffrey alisimama ameshika bomba na hakumtazama mtu.

Lori ikafika nyumbani ikiwa tupu. Kesho yake tukaipeleka kwa Noah, fundi wa Voi mwenye kompyuta ya kusoma magari. Tulikwenda sote, Hannah akiwa amembeba Lynn. Noah alichomeka waya wake, akasoma, akaingia chini, akatoka na kifaa kidogo kama mdomo wa birika. Ndani yake mlikuwa na kitu cheupe kigumu kama chumvi ya mawe.

"Mama, keti," aliniambia, akanivutia kiti. Kisha akatueleza. Dawa inapulizwa ndani ya ekzosi moshi ukiwa moto sana. Joto linaigeuza mvuke mkali, wenye harufu kama ya zizi la mbuzi. Mvuke na moshi vinapita pamoja ndani ya tofali lenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, na humo ile sumu inageuka hewa ya kawaida na maji kidogo. "Mbele ya tofali kuna pua, nyuma kuna pua," alisema. "Kompyuta inaiuliza pua ya nyuma, sumu imeisha? Ikiambiwa bado, inawasha taa. Ukipuuza, inakata nguvu. Ukizidi, inakuacha na mwendo wa kinyonga."

"Kumbe inajinusa yenyewe," nikasema.

"Inajinusa, mama. Na haina huruma. Haijui kama umebeba mchanga au maji ya mazishi."

"Na huu ugonjwa?" Geoffrey akauliza.

Noah aligusa ile chumvi. "Dawa ya kweli inatengenezwa kwa urea safi na maji yasiyo na kitu chochote ndani, hata chumvi. Hii si hiyo. Mbolea inapakwa vitu ili isishikane kwenye gunia. Na maji ya hapa mnayajua. Vimechomeka humo, vimeziba mdomo, vimeua pampu, na vitundu vya tofali vimefunikwa. Tofali haliwezi kuoshwa. Ni kuleta jipya, pampu mpya, na haya yote yanatoka nje." Akatutazama mmoja mmoja. "Nani alitia?"

Hannah alifungua mdomo.

"Ni mimi," Geoffrey akasema haraka. "Nilitia mimi."

Nilimpenda mwanangu siku ile. Lakini bei Noah alipoitaja, Geoffrey alimwomba aitaje tena, halafu akatoka nje akasimama jua kali bila kofia.

Tulijaribu. Kanisa lilichanga, lakini baada ya ukame watu wangechanga nini? Geoffrey akauza ng'ombe wawili, nao walikuwa mifupa. Hapo ndipo akaja Kituku, kijana wa mjini anayejulikana kwa kukata ekzosi za magari. Alisema Noah anapenda mambo ya vitabu. Dawa ya ugonjwa huu ni kutoa tofali lote, kuweka bomba tupu, na kuidanganya kompyuta kwamba pua zinanusa hewa safi.

"Na moshi?" nikauliza.

"Moshi utaenda juu, mama. Mbinguni kuna nafasi."

Alikata pale uani kwetu. Lile tofali alilitia kwenye gunia akasema hilo ndilo malipo yake, lina madini. Akachomeka kompyuta yake, akabonyeza sana, akasema washa. Lori ikanguruma. Hannah alitoka jikoni akikimbia. Moshi ulijaa uani, ukatuwasha macho, Lynn akakohoa mpaka akatapika chai, lakini hakuna aliyesema izimwe. Geoffrey aliteremka kisimani, akajaza, akapanda mlima na mzigo wote, na wanawake wakamshangilia njia nzima.

Saa ya alasiri alizima ili apumzike. Alipozungusha ufunguo tena, haikuwaka hata taa moja. Hakuna nyekundu, hakuna manjano, hakuna kitu. Akamwita Noah, naye akapanda na pikipiki ya Nzau. Aliunganisha waya wake akangoja, akangoja sana, kisha akaukunja taratibu.

"Kompyuta ya injini imeandikwa vibaya, imekufa. Sasa haijinusi, haijioni, haijui hata kama ni lori."

"Mpigie Kituku," Hannah akasema.

Simu ya Kituku ilikuwa imezimwa. Imezimwa mpaka leo.

Wiki zilizofuata Geoffrey alikuwa akikaa ndani ya lori mlango umefungwa, mikono kwenye usukani. Siku moja tukiwa mezani, Hannah alimwongezea mboga, naye akasema bila kuinua macho, "Kama si hiyo urea yako." Hakupaza sauti. Hannah aliweka kijiko chini. Kutoka siku hiyo hakula tena na sisi, alikula akiwa amesimama jikoni, na nikimwambia, "Mwanangu, kila mtu alikuwepo, hata mimi nilishika ile leso ya kuchujia," alinijibu, "Ndiyo, mama," kama mtu anayemjibu karani.

Wakala wa Mombasa alipiga simu. Wanatafutwa madereva, kule kule Uarabuni. Geoffrey alisikiliza amesimama uani, akisema sawa, sawa, sawa.

Aliondoka asubuhi na lile sanduku. Hannah hakutoka chumbani. Lynn alimfuata baba yake mpaka langoni akamshika suruali. Sasa alikuwa amemzoea, alikuwa analala kifuani kwake.

"Baba, unaenda kuleta maji?"

Geoffrey alinitazama. Nikatazama chini.

"Ndiyo," akamwambia. "Naenda kuleta maji."

Akapanda nyuma ya Nzau, wakateremka.

Mtoto ni mtoto. Alikwenda nyuma ya jiko, akabeba mitungi yetu mmoja mmoja, akaipanga kando ya barabara kama alivyozoea kutuona tukifanya. Nilimwona, lakini sikuwa na nguvu za kumzuia. Nikaingia kuketi na Hannah. Alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nilimshika mguu, naye hakuuvuta wala hakuusogeza.

Nilipotoka, jua lilikuwa juu. Mumbe wa dukani alikuwa ameona mitungi yetu, akaleta yake akaipanga nyuma. Mama Lois akaona, akatuma yake. Waliokuwa wakitoka shambani wakaona, wakakimbia nyumbani. Mstari wa mitungi ulitoka langoni kwetu ukapita kanisa, ya manjano na ya bluu, na watu wamekaa kando kwenye mawe, wanaongea, wengine wanacheka. Kwa muda mrefu hatukuwa tumesikia kicheko barabarani hapa.

"Mama Geoffrey!" Mumbe aliniita. "Kumbe lori imepona na hamtuambii? Atafika saa ngapi?"

Wote wakanigeukia. Lynn alikuwa amekaa juu ya mtungi wa kwanza, anapiga visigino, anatazama chini barabarani. Nikashika nguzo ya lango. Nikaanza kwa kuwaomba wanyamaze kidogo.