Sahani Iliyobaki Tupu

Kazi yangu ni kuosha sahani. Si sahani za pilau, ni zile ndogo za kioo zenye vifuniko, katika maabara ya chuo kimoja hapa Voi. Niliacha shule darasa la tatu, lakini kusugua na kusuuza nakujua. Mjukuu wangu Ruweida, anayesomea hapo shahada ya pili, ndiye aliyeniombea kazi kwa mwalimu wake, Daktari Crispus. Alimwambia, "Bibi yangu hana haraka, havunji kitu."

Ruweida anafuga kuvu, jamaa ya ile iliyowatupisha watu wa Njukini mahindi yao kwa sumu. Huitia jeni mpya, aone ni ipi inayoizuia isitengeneze sumu. Lakini jeni haionekani kwa macho. Utajuaje kuvu gani imeipokea?

"Tunaifunga pamoja na jeni nyingine, bibi," alinieleza. "Hiyo inatengeneza kimeng'enya, kitu mfano wa kisu. Kwenye sahani naweka asetamidi. Ina nitrojeni ndani, ila hailiki mpaka ikatwe. Mwenye kisu atakula, atamea. Asiye na kisu atakufa njaa."

"Maskini ya Mungu."

"Usimwonee huruma! Asipokufa yeye, nitakufa mimi."

Na kweli hakufa. Mara tatu Ruweida alipanda, na mara tatu zile sahani za kuvu isiyotiwa jeni, zilizotakiwa kubaki tupu, zikaota kijani kama nyingine. Daktari Crispus akachoka.

"Jumatatu ijayo ndiyo mwisho," alisema. "Zikiota tena, meza hii nampa Lois, mwanafunzi mwenzako, nawe utafute kitu kingine cha kuandikia."

Miaka miwili ya mtoto ingepotea hivyo hivyo. Ruweida akawa hali chakula. Hata mahamri aliyarudisha.

Siku hiyo nilikuwa naziosha zile zilizoharibika, zikishachemshwa. Kila moja ina namba yake, kwa jinsi zilivyopangwa mezani. Namba moja ilikuwa zulia zima, nikaisugua hadi mkono ukauma. Namba kumi na mbili, vidoa viwili vitatu. Nikakumbuka kuwa mara ya kwanza ilikuwa vivyo hivyo, na ya pili pia.

"Ruweida, namba moja hukaa wapi?"

"Dirishani. Ule uji wa chakula cha kuvu nikishaumimina naacha vifuniko wazi kidogo, ukauke."

Uji wenyewe huganda kwa unga ule ule tunaopikia faluda mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo najua unavyovuta harufu. Ukiuweka karibu na kitunguu, umekwisha.

"Na huyo asiye na kisu, hawezi kupata nitrojeni kwingine?"

"Labda aipate bure hewani, kama amonia. Ile inayochoma pua kwenye zizi la mbuzi."

Moyo ulinilipuka, pa! Chini ya dirisha lile, kwa nje, ndipo ilipokuwa ndoo yangu. Samadi na mkojo wa mbuzi, imefunikwa gunia, inaiva taratibu kwa ajili ya sukuma wiki niliyopanda kando ya ukuta.

Ningeweza kuiondoa nikanyamaza. Lakini zile mara tatu zingebaki zimeandikwa kuwa makosa ya mtoto. Nikafunga leso vizuri, nikaenda ofisini.

"Daktari, ile sukuma uliyochuma jana ilikuwaje?"

"Tamu sana, Bi Jannat!"

"Basi mbolea yake ndiyo iliyomponza mjukuu wangu."

Nilipomaliza kueleza, alikuna kidevu. "Inawezekana. Lakini tutajuaje kwa hakika?"

"Ndoo iacheni pale pale," nikasema. "Apange nusu dirishani na nusu kule stoo ya nyuma, mlango ufungwe. Kisha tungoje."

Ruweida alinitazama kama ananiona leo. "Bibi, unataka kuninyang'anya shahada?"

Alhamisi akamimina, zikakauka, akapanda, kisha akazifungia zote kabatini. Kuvu hiyo hupenda joto, na joto la Voi mnalijua. Ijumaa, hakuna kitu. Jumamosi nilipita mara nne na ufagio pasipo na taka, mpaka Lois akaniambia, "Nyanya, utatoboa sakafu."

Jumatatu asubuhi tulisimama wote wanne mbele ya kabati. Ruweida akafungua mlango. Akatoa kwanza zilizokaushwa dirishani: zile zisizo na jeni zimeota, kijani tupu. Akatoa za stoo zilizotiwa jeni: madoa kumi na moja, mazito, mazuri kama vifungo vya koti. Ikabaki ya stoo isiyo na jeni. Akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza huku, akaigeuza huku.

"Hakuna kitu," alinong'ona. Kisha akapiga kelele: "Bibi, hakuna kitu! Hakuna kitu kabisa!"

Lois akapiga vigelegele, yeye aliyekuwa aipate ile meza. Mimi nilijikuta narukaruka na magoti haya. Daktari Crispus alifungua daftari, akaandika tarehe, na chini yake akaandika neno "ndoo".

"Meza ni yako, Ruweida," alisema. "Na wewe Bi Jannat, hamisha balaa lako, lakini usilimwage. Sukuma bado naitaka."

Nilikusanya sahani nikaoshe. Nilipoifikia ile tupu, Ruweida aliniwahi mkono.

"Hiyo usiiguse, bibi. Hiyo inakaa."