Bibi wa Saa Sita Aajiriwa Jette

Saa sita kamili mchana, Mignonne alikuwa akitandika kitanda cha chumba nambari tisa, katika nyumba ya wazee huko Jette, Brussels, mwanamke mrefu mwenye gauni jeupe na mundu mkononi alipotokea kati ya kabati na dirisha. Nywele zake zilidondosha makapi ya ngano. Mignonne aliisikitikia sakafu. Alikuwa ametoka kuipiga deki.

Danuta, mfanyakazi mwenzake kutoka Poland, alichungulia mlangoni akamtambua. Alieleza kwamba huyo ni pepo wa mashamba ya kwao. Huwatokea wanaofanya kazi saa sita mchana bila kupumzika, huwauliza habari za kilimo cha kitani, na anayeishiwa majibu kabla ya saa saba husokotwa shingo. Siku hizi mashamba yanalimwa na mashine, na mashine hazina shingo, ndiyo maana amehamia mjini. Kisha Danuta akaenda kugawa supu.

Pepo aliuliza habari za kitani kwa Kiswahili safi cha Bukavu, kwao Mignonne.

"Mambo ya kitani, maman, sijuwe," Mignonne akajibu. "Lakini sombe, bon, hiyo naijuwa."

Akaanza na kuchuma majani ya muhogo, akaja kwenye kutwanga, akapitia ugomvi wake na mama mkwe juu ya karanga. Saa saba ilipogonga walikuwa bado kwenye vitunguu. Pepo aliuliza kipimo cha mafuta ya mawese, akaondoka.

Kesho yake alimtokea mkurugenzi wa nyumba hiyo, aliyekuwa akipanga zamu. Huyo ndiye aliyefuta mapumziko ya mchana tangu Januari, kwa kuwa watu hawatoshi. Alipoulizwa kuhusu kitani, alimwambia pepo aandike barua pepe. Shingo yake ikasokotwa mpaka uso ukatazama mgongoni.

Mignonne, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu havimwingii, aliona ndiyo nafasi. Akaingia ofisini na, kwa heshima, akasimama nyuma ya mkurugenzi ili waonane. Akaomba nusu saa yao ya mapumziko irudishwe.

Mkurugenzi alisema hali ni ileile, watu hawatoshi. Halafu akauliza kama yule bibi mwenye mundu ana nafasi saa za mchana.

Alikuwa nayo.

Tangu Jumatatu pepo anavaa sare ya buluu na kulisha wazee ghorofa ya pili, kuanzia saa tano hadi saa tisa. Mundu umefungiwa kabatini kwa ajili ya usalama. Inapofika saa sita husimama kidogo, kijiko mkononi.

"Tutaikala saa ngapi?" humwuliza Mignonne, akikitazama kiti kitupu.

"Hatuikalake, maman," Mignonne hujibu, na kumsogezea sahani inayofuata.