Pedi Alizofunga Dzombo

Mara ya kwanza Bahiya alipokuja kulalamika, Dzombo hakuinuka hata kwenye kigoda chake. Alimwambia pedi mpya za breki hulia, ndiyo ada yake. Azipe siku mbili tatu zizoeane na diski, kelele zitakwisha zenyewe. Bahiya akaitikia, akaondoka na Probox yake iliyonuka samaki kuanzia kioo cha mbele hadi buti.

Bahiya huyu alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei. Kila alfajiri aliendesha mwenyewe hadi Chara kuchukua kambare, na jua likichomoza alikuwa ameshawafikisha soko la Garsen. Dzombo naye alikuwa ameifanya kazi ya ufundi kwa miaka ishirini. Hakuwa mtu wa kiburi, lakini magari aliyoyatengeneza yalikuwa mengi kiasi kwamba alikuwa amezoea kuaminiwa.

Kesho yake mama akarudi. Safari hii Dzombo alifungua gurudumu la mbele kushoto, akapiga msasa kingo za pedi, akapaka grisi mgongoni mwake, akafunga. Kimya. Jioni kelele zikarudi, kali kuliko mwanzo, na Dzombo akamwambia kwa simu azivumilie tu.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, akaja tena. Hakuegesha kando kama ilivyokuwa desturi yake. Aliingia na gari hadi mlangoni mwa banda, akazima injini, akashuka.

"Fundi, umeniambia mara mbili nizizoee," alisema. "Mimi sijasomea gari. Lakini sasa nikirudi nyuma nikakanyaga breki, kitu kinagonga. Mara moja tu, kama mtu aliyefungiwa ndani."

Mlio Dzombo aliuelewa. Kugonga huko hakukuelewa. Akaingia garini, akarudi nyuma hatua chache, akakanyaga. Tak. Akaenda mbele, akakanyaga. Tak tena, kisha ule mlio wa kukwaruza sufuria.

Akapiga jeki. Alikagua kimoja kimoja, kwa kuwa sasa alitaka kujua kweli. Pini zinazobeba kalipa, kile kibano cha pedi, ziliteleza vizuri na grisi ilikuwepo. Vibati vya nyuma ya pedi vilikaa mahali pake. Diski ilikuwa laini, haina mfuo. Akachungulia kama kuna kijiwe kilichonasa kati ya diski na bati linaloikinga, hakuna. Mwisho akachomoa pedi yenyewe. Ilikuwa nene, nyeusi, mpya kabisa. Akaweka ncha ya bisibisi pale nyama ya pedi, ile inayosuguana na diski, inapokutana na chuma chake, akagusa tu.

Nyama ikabanduka. Haikuvunjika wala kumeguka. Ilitoka nzima, kama gamba la mti uliokauka, ikamwangukia kiganjani. Upande wa pili kilibaki chuma kitupu chenye madoa machache ya gundi.

Dzombo alibaki amechutama. Alichukua pedi ya pili. Hiyo hata bisibisi haikuhitaji, aliibandua kwa ukucha wa kidole gumba.

"Hiyo ndiyo inayosimamisha gari?" Bahiya aliuliza nyuma yake.

  Dzombo alikuwa akikumbuka maboksi ya pedi hizo. Wiki iliyopita alipita mtu na pikapu, akichuuza spea mlango kwa mlango, mtu mcheshi, mwenye maneno ya dini mdomoni, naye Dzombo akanunua seti tatu. Moja ni hii ya Bahiya. Moja ilikuwa bado rafuni. Ya tatu aliifunga jana mchana kwenye Noah ya Johnson, gari la abiria.

Na Noah ya Johnson ilikuwa imeondoka Garsen saa mbili asubuhi ile, kuelekea Ndera, ikiwa na watu wanane, mzee Hiribae aliyekwenda kumwoza mwanawe na wanaomsindikiza harusini. Wa tatu kupanda alikuwa Linda, mke wa Dzombo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango, akaupiga kwa kiganja na kuwatakia safari njema.

Alimpigia Johnson. Hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Alipotafuta jina la mkewe kidole kilikosea mara mbili, hadi Bahiya akaichukua simu, akabonyeza yeye, akamrudishia. Ikaita muda mrefu.

"Baba Nyevu," Linda alipokea, na nyuma yake wanawake walikuwa wakiimba. "Umesahau ufunguo?"

"Mama Nyevu, weka simu kwenye spika, Johnson asikie. Sasa hivi."

Nyimbo zikakatika. Dzombo alimwambia Johnson aondoe mguu kwenye mafuta, ashushe gia, aache gari lipungue lenyewe, asiguse breki ila akilazimika. Johnson alicheka kidogo. Alisema breki ziko sawa, tangu watoke Garsen hazijalia hata mara moja.

"Sikiliza," Dzombo alisema, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Pedi nilizokufungia ni mbovu. Nimeshika nyingine kama hizo mkononi, imebanduka. Usiniamini kwa nililokwambia jana. Niamini kwa hili."

Kicheko kikaisha. Alisikia injini ikinguruma kwa gia ndogo, kisha Johnson akihesabu mwendo kwa sauti: sabini, hamsini na tano, arubaini. Alipofika thelathini, mtu alisema neno moja tu, "Ng'ombe." Kikafuata kishindo, kisha chuma kikilia juu ya chuma, kisha hapakuwa na kitu. Simu ilikuwa imekatika.

Bahiya alikuwa amesikia yote. Alikaa chini, mchangani, na buibui lake jipya. Dzombo alisimama na simu sikioni, akiendelea kusikiliza ukimya.  Baadaye watu walimsimulia kwamba alisimama vile kwa dakika tano, na mkono wa pili ulikuwa bado umeibana ile nyama ya pedi hadi ikamkata.

Ikaita. Alikuwa Linda. Alizungumza polepole, kama anayesoma karatasi. Ng'ombe walitoka vichakani wakajaa barabarani. Johnson akakanyaga breki, kitu kikaruka chini ya gari, mguu ukazama hadi sakafuni. Akavuta breki ya mkono, akalitupa gari kwenye vichaka vya mathenge. Miiba imeingia madirishani. Mzee Hiribae amevunjika mkono, wengine wamechubuka. Wote wako hai.

"Tungekuwa kwenye ule mwendo wa kwanza," Linda alisema, asimalize.

Dzombo alichukua bodaboda. Alipofika, watu walikuwa wameketi ukingoni mwa lami na nguo zao za harusi zimeraruka, wakilitazama gari lililozama kichakani kama wasiolijua.  Nyama ya pedi ya Noah ilikuwa katikati ya barabara, nzima. Aliiokota. Kisha akaenda mbele ya mzee Hiribae, aliyefungwa mkono kwa leso, akachutama.

"Ni mimi niliyezifunga, mzee. Dada Bahiya alinijia mara mbili na kelele zile, nikamwambia azivumilie. Ningemsikiliza siku ya kwanza, nyinyi msingepanda gari hili."

Hiribae alimnyoshea mkono mzima. "Umesema mbele ya watu," alisema. "Basi nisaidie kusimama. Mwanangu anasubiri."

Gari lilitumwa kutoka Ndera likawachukua, na ndoa ilifungwa alasiri, baba wa bwana harusi akiwa na mkono uliofungwa ubao. Linda alikwenda nao. Aliporudi nyumbani alikaa siku mbili bila kusema na mumewe zaidi ya salamu. Hakuwa na hasira, alimwambia baadaye. Kila alipofungua mdomo alikuwa akisikia kile kishindo. Seti iliyobaki rafuni Dzombo aliipeleka kituo cha polisi pamoja na namba ya yule mchuuzi. Namba haikupatikana tena.

Pedi nyingine za Probox zilikuja kutoka Malindi. Dzombo alizijaribu kwa bisibisi, akazigonga kwa nyundo, akazifunga. Bahiya akauliza kama sasa anaweza kwenda Chara.

Lilikuwa swali alilolijibu maelfu ya mara.  Safari hii akafungua mlango wa abiria, akaketi juu ya magunia yenye magamba ya samaki.  Bahiya akatia gia.

Njiani alikanyaga breki mara nyingi kuliko ilivyohitajika, ili fundi asikie. "Hazilii," alisema.

"Hata za Johnson hazikulia."

Walipofika Chara, wavuvi waliokuwa wakipanga kambare walimwona fundi wa Garsen akishuka na jeki, akalifungua tena gurudumu palepale, akachomoa pedi, akaivuta kwa kucha zake zote. Haikusogea. Akaivuta tena. Ndipo akaketi kwenye gurudumu, akaomba maji ya kunywa, na Bahiya akaenda kumletea.